Dubai World Cup Jumamosi hii: nijazeje karatasi ya kubashiri washindi? Farasi sijui kitu

KijanaWaDeira – Jumatano 2 Aprili 2025, saa 4 usiku

Wakuu habari za Idi. Mimi ni mtu wa Tanga, nipo Dubai nafanya kazi ya ulinzi, na Jumamosi tarehe 5 ndo ile siku yao kubwa ya mbio za farasi pale Meydan. Mwaka huu wameisogeza mbele kwa sababu ya Ramadhani, kawaida huwa mwisho wa Machi. Sasa kazini kila mtu anaongelea ile karatasi ya kubashiri, ambayo hulipii kitu, unachagua tu washindi wa mbio na ukipatia unapewa hela. Kubeti kwa pesa uwanjani hakuna, hii ni zawadi ya waandaaji.

Shida yangu ni moja, mimi mpira naujua, naweza nikakwambia Simba atamfunga nani na kwa nini, ila nikifungua orodha ya hawa farasi naona majina tu, Romantic Warrior sijui Forever Young sijui Rebel's Romance, kama majina ya filamu za kikorea. Msimamizi wetu Mhindi anasema weka wenye odi ndogo kote ulale. Rafiki yangu Mganda anachagua kwa rangi ya jezi ya joki, yule anayempanda farasi. Naomba mwenye uelewa anielekeze, mtu anaanzia wapi kuangalia siku nzima ya mbio tisa bila kuchanganyikiwa? Na kama una majina yako yamwage tu hapa.

---

FundiMkeka – Jumatano, saa 4 na dakika 20 usiku

Hapo hamna ujanja, kamata favoriti zote tisa, mkeka uwe mfupi na safi. Farasi hana siku mbaya kama Arsenal

---

MwanaNgong – Jumatano, saa 5 usiku

@FundiMkeka bro ungekuwa umewahi kukaa jioni moja ya Jumapili pale Ngong Racecourse usingesema hivyo. Farasi ana siku mbaya kuliko timu yoyote, na hana hata uwezo wa kukwambia goti linamuuma. Kwenye mbio yenye farasi kumi na moja, yule anayependwa zaidi anaweza kuwa na nafasi kubwa kuliko kila mmoja wa wengine, lakini ukiwajumlisha wale kumi wote upande wa pili, mara nyingi wao ndo wana nafasi kubwa kuliko yeye. Sasa zidisha hiyo mara tisa. Mkeka wa favoriti tisa ni njia ya uhakika ya kuumwa na kichwa.

@KijanaWaDeira karibu kwa hii maneno. Mimi niko Nairobi, nimekua nikipelekwa Ngong na mzee wangu, kwa hiyo nitakupa venye sisi huangalia, halafu kuna jamaa humu anaitwa Saisi_Mstaafu, huyo amefanya kazi na hawa wanyama wenyewe, mngoje.

Kitu cha kwanza achana na majina kabisa. Chukua orodha ya mbio, andika pembeni vitu viwili tu, umbali na aina ya njia. Meydan kuna njia mbili, ya mchanga ambayo iko ndani na mzunguko wake ni mita 1750, na ya nyasi iko nje, mita 2400. Hizo ni dunia mbili tofauti. Farasi mfalme kwenye nyasi anaweza akawa hana maana mchangani, sababu kubwa ni kwamba wakianza kukimbia wale wa mbele wanamrushia mchanga usoni, kama hajawahi kulishwa mchanga anainua kichwa, anakata tamaa, joki anabaki kusukuma gogo. Kwa hiyo mchangani kukaa mbele ni faida kubwa.

Jumamosi itakuwa hivi: World Cup yenyewe ni mchanga mita 2000, zawadi dola milioni 12. Godolphin Mile mchanga 1600. UAE Derby mchanga 1900, ya wa miaka mitatu. Golden Shaheen mchanga 1200. Halafu nyasi: Gold Cup 3200 (hiyo ni ya wenye pumzi), Sheema Classic 2410, Dubai Turf 1800, na Al Quoz Sprint 1200 ambayo hawakati kona hata moja, wananyooka tu kama barabara ya Thika usiku. Kuna na ile ya farasi wa Kiarabu, Kahayla Classic, mchanga 2000. Hiyo usiniulize, fomu za Waarabu sizifuatilii.

Ukishapanga hivyo, kwa kila farasi uliza, huyu ameshawahi kushinda kwenye njia hii na umbali unaokaribiana na huu? Kama jibu ni hapana mweke chini kwanza hata kama jina lake linaimbwa kila mahali. Utashangaa orodha inavyopungua.

Na kitu kingine, huku kwetu Ngong mbio nyingi ni zile za kusawazisha uzito, farasi mzuri anabebeshwa kilo nyingi ili wote wafike karibu pamoja, kwa hiyo tunachambua kilo usiku kucha. Hizo za Jumamosi haziko hivyo, ni za daraja la juu, uzito unaenda kwa umri na jinsia tu, majike wanapunguziwa kidogo. Maana yake aliye bora ana nafasi ya kuonyesha ubora wake. Ndo maana hazichanganyi kama za kwetu, ila bado zinachanganya.

---

KijanaWaDeira – Alhamisi 3 Aprili, saa 1 asubuhi

Daah asante kaka, hapa tayari nimeelewa zaidi ya nilivyoelewa mwaka mzima. Sasa hii odi ndogo inatoka wapi kama kubeti hakuna?

---

MwanaNgong – Alhamisi, saa 2 asubuhi

Inatoka nje. Uingereza, Hong Kong, Japani wanabeti mbio hizohizo wakiwa kwao. Odi ni maoni ya umati wenye pesa, sio maoni ya farasi.

---

Saisi_Mstaafu – Alhamisi, saa 9 alasiri

Salaam. Nimeitwa nikaona nije. Mimi nimekuwa saisi, yaani nimelisha, nimeosha, nimetembeza na nimelala zizini, nimeanzia Ngong nikiwa kijana na baadaye nikaja huku Ghuba, sasa hivi nimepumzika nyumbani. Nitasema kile ambacho magazeti hayasemi sana, kwa sababu hayo ya umbali na mchanga mwenzangu ameyaeleza vizuri.

Kijana wangu, farasi sio pikipiki. Ukimpa kazi ngumu leo, kesho hujamaliza kulipa. Kila farasi kabla hujamchagua muulize mbio yake ya mwisho ilimgharimu nini. Sio alishinda au alishindwa, ilimgharimu nini. Kuna anayeshinda huku masikio yamesimama anaangalia watu, huyo anarudi zizini anakula ndoo yote. Na kuna anayeshinda baada ya kupigana mita mia tatu bega kwa bega na mwenzake, huyo anaweza kukaa wiki anachezea chakula, nyama ya mgongoni inapungua, ukimpitishia mkono unaiona tofauti hata kama daktari anasema mzima.

Sasa angalieni Forever Young na Romantic Warrior. Tarehe 22 Februari walikutana Riyadh kwenye Saudi Cup, mchanga mita 1800. Mwenye kuiona ile mbio hataisahau. Romantic Warrior ni farasi wa nyasi wa Hong Kong, alikuwa hajawahi kukimbia mchangani, akaongoza hadi karibu na mwisho, Forever Young akamrudia akamshinda kwa shingo tu, yaani tofauti ya urefu wa shingo ya farasi, wa tatu Ushba Tesoro yuko huko nyuma kabisa. Ni mbio ya kupendeza sana kwa mtazamaji na mbaya sana kwa miguu. Kuanzia siku hiyo hadi Jumamosi ni wiki sita. Wiki sita zinatosha kwa farasi fulani na hazitoshi kwa mwingine, na ukiwa mbali huwezi kujua ni yupi.

Sisemi msiwachague. Forever Young kwangu ndiye farasi bora wa mchanga katika hiyo orodha, mwaka jana alishinda UAE Derby hapohapo Meydan, akaenda Kentucky Derby akawa wa tatu kwa pua na pua. Nasema tu kwamba wengi wanaangalia ile ya Riyadh kama sifa na mimi naiangalia kama deni.

Na ukipata nafasi ya kufika, simama pale wanapozungushwa kabla ya mbio. Jasho kidogo shingoni Aprili ya Dubai si kitu. Jasho jeupe la povu katikati ya mapaja ya nyuma, mkia unapigapiga, masaisi wawili wanamshika mmoja, huyo ameshakimbia mbio yake kabla geti halijafunguka. Angalia tumbo, aliyesafiri vibaya tumbo linaingia ndani kama mbwa wa sokoni. Angalia hatua za nyuma, zipite alama za mbele. Manyoya yang'ae bila kupakwa mafuta.

---

KijanaWaDeira – Alhamisi, saa 10 jioni

Shikamoo mzee wangu. Hii ya deni imeniingia.

---

Bi_Salma_MCT – Alhamisi, saa 2 usiku

Assalaam alaykum. Mimi niko Maskati, nimezaliwa Unguja, na hizi mbio nazitazama tangu marehemu mume wangu yuko hai, yeye ndo alikuwa na wazimu nazo, mimi nikaambukizwa. Mwanangu wa Deira, kwanza umefanya vyema kutaja kwamba hulipii, maana kamari najua hukumu yake na wewe unaijua. Ukianza kutoa pesa yako mfukoni mazungumzo yetu yameishia hapo, usiniulize jina hata moja.

Aliyoyasema mzee Saisi yana ushahidi. Saudi Cup imeanza mwaka 2020, na mpaka leo hakuna farasi aliyeishinda kisha akaja kushinda Dubai World Cup mwaka uleule. Wa 2020 hakupata nafasi, korona ilifuta. Mishriff wa 2021 alihamia nyasi akashinda Sheema Classic. Panthalassa 2023 alikuja World Cup akapotelea nyuma. Senor Buscador mwaka jana akawa wa tatu. Lakini tazama upande mwingine, Country Grammer mwaka 2022 alikuwa wa pili Riyadh, kisha akaja Dubai akachukua. Basi mimi siku zote nawatazama walioshindwa huko, sio walioshinda.

Jambo jengine, mkichimba historia ya washindi wa zamani mruke miaka ya 2010 hadi 2014. Meydan ilipofunguliwa haikuwa na mchanga, ilikuwa na njia ya kutengenezwa kiwandani, farasi wa nyasi wakawa wanashinda World Cup. Mchanga umerudi 2015. Kuna watu wanatoa hesabu za miaka yote kwa pamoja, hesabu hizo hazina maana yoyote.

Na msidanganyike kwamba mchangani lazima uongoze. Laurel River mwaka jana aliondoka peke yake akashinda kwa urefu wa farasi wanane na nusu, hakuna aliyemgusa. Lakini Arrogate mwaka 2017 alitoka vibaya getini, akawa wa mwisho kabisa, na akashinda. Ushba Tesoro 2023 naye alitoka nyuma. Swali ni wangapi wanataka kuongoza. Akiwa mmoja tu anayependa mbele atawachezea atakavyo, wakiwa watatu wanne wataunguzana wao kwa wao na aliye nyuma atawaokota. Kaa na orodha uwahesabu.

Ya kwangu, kwa ufupi. UAE Derby nampa Mjapani, yeyote aliye bora kati yao, maana wameishinda miaka mitatu mfululizo, Crown Pride, Derma Sotogake, Forever Young, na sioni cha kuwazuia. Sheema Classic nampa Danon Decile, mshindi wa Derby ya Japani mwaka jana, Januari alishinda tena kwa hiyo amefunguka. Najua Rebel's Romance ndiye bingwa mtetezi na nampenda, lakini umri nao unasema. Dubai Turf Romantic Warrior. Gold Cup chagua wa Saeed bin Suroor, yule bwana alikuwa askari polisi kabla ya kuwa mkufunzi wa farasi na ameshinda World Cup mara tisa, ukimuona na farasi mwenye pumzi usimdharau.

---

MwanaNgong – Alhamisi, saa 3 usiku

Bi Salma heshima zako lakini hapo kwa Romantic Warrior umejipinga mama. Umekubali mwenyewe ile ya Riyadh ni deni halafu unampa!

---

Bi_Salma_MCT – Alhamisi, saa 3 na dakika 15 usiku

Sijajipinga. Anarudi nyasi, kwao. Na mita 1800 za Meydan ameshazijua, Januari alishinda mbio ya Jebel Hatta hapohapo, umbali uleule. Huyu ameshinda Hong Kong Cup mara tatu, Cox Plate ya Australia, Yasuda Kinen ya Japani. Farasi aliyesafiri hivyo ukimuondoa uwe na sababu, na sababu ya mzee Saisi ni nzuri lakini haitoshi kwangu. Wewe unampa nani?

---

MwanaNgong – Alhamisi, saa 3 na nusu usiku

Na mimi nampa yeye, nilikuwa nakuchokoza tu

Ila sikiza @KijanaWaDeira, kama karatasi inataka uwe na wote sahihi, ukichagua sawa na watu elfu kumi wengine hata ukipatia mnagawana senti. Kwa hivyo venye mimi ningefanya, tafuta mbili ambazo una imani nazo, hizo acha favoriti. Kwenye zilizobaki chagua moja au mbili ambazo umati umeshikilia mtu kwa jina lake tu, hapo nenda kinyume. Golden Shaheen na Al Quoz ni mbio fupi, kosa dogo getini limekumaliza, hizo ndo za kwenda kinyume. Al Quoz angalia pia namba za geti, kwa sababu wananyooka na mara nyingi wanajigawa makundi, wengine ukutani wengine katikati, farasi akijikuta kwenye kundi lenye mwendo mdogo amekwisha hata akishinda kundi lake.

UAE Derby mama amesema ukweli. Naongeza kitu, ukiona wa miaka mitatu ametoka kusini mwa dunia, Afrika Kusini au Argentina, huyo kiuhalisia ni mkubwa kuliko wenzake kwa miezi kadhaa, kwa sababu kaskazini mwa dunia farasi wote wanahesabiwa kuzaliwa tarehe 1 Januari na kule kusini ni katikati ya mwaka. Ndo maana wanambebesha kilo zaidi. Zamani mkufunzi Mike de Kock wa Afrika Kusini alikuwa anakuja nao na anawafagia, Asiatic Boy 2007 alikuwa wa hivyo.

---

FundiMkeka – Ijumaa 4 Aprili, saa 5 asubuhi

Maneno mengi, World Cup yenyewe mnampa nani?? Semeni jina moja moja

---

Saisi_Mstaafu – Ijumaa, saa 7 mchana

Forever Young. Ila nikimuona ana povu nitabadilisha hapohapo.

---

MwanaNgong – Ijumaa, saa 7 na nusu mchana

Forever Young. Wa kuogopwa ni Imperial Emperor, yuko nyumbani kwake na hajapanda ndege.

---

Bi_Salma_MCT – Ijumaa, saa 10 jioni

Nimewaambia nawatazama walioshindwa Riyadh. Ushba Tesoro. Mzee wa miaka minane, ameshawahi kuichukua, mwaka jana akawa wa pili. Mkinicheka Jumapili nipo.

---

KijanaWaDeira – Jumapili 6 Aprili, saa 3 asubuhi

Wakuu. Wakuu. Nilikuwepo kwa macho yangu, zamu niliibadilishana na mtu. Mimi sikujua kama ardhi inatetemeka vile wakipita.

Danon Decile nimepata, Derby pia nimepata maana niliweka Mjapani Admire Daytona, alimshinda Heart of Honor kwa pua, nilishika kichwa nikasubiri picha itoke. Gold Cup Dubai Future wa huyohuyo bin Suroor, Bi Salma nakupa mkono. Al Quoz ni yule jike wa Uingereza, Believing. Golden Shaheen Dark Saffron, farasi wa hapahapa kwa mkufunzi bin Harmash, na Godolphin Mile Raging Torrent wa Marekani na Frankie Dettori juu yake.

Dubai Turf ndo imeniua. Romantic Warrior kapata nafasi anaongoza uwanja mzima unapiga kelele, mara kaja Soul Rush mstarini kabisa, pua. PUA. Wahongkong waliokuwa pembeni yangu walikaa chini kama msiba.

Halafu World Cup eti Hit Show. Hit Show nani?? Nimerudi kusoma mada yote hii hakuna mtu hata mmoja kamtaja

---

FundiMkeka – Jumapili, saa 3 na dakika 10 asubuhi

Hahahaha wataalamu wa farasi

---

MwanaNgong – Jumapili, saa 4 asubuhi

Hit Show ni Mmarekani wa mkufunzi Brad Cox, amepandwa na Florent Geroux, wenyewe ni Wathnan Racing wa Qatar. Mixto Mmarekani mwenzake alishashika mbele, Hit Show akaja akamkuta mwishoni. Forever Young wa tatu. Nimeirudia hiyo video, Forever Young hana kosa lolote la njiani, joki alimuomba na yeye akaitika ila ile nguvu ya Riyadh haikuwepo.

@FundiMkeka ungecheza favoriti zako tisa ungekuwa umechana mkeka mapema tu usiku, kwa hiyo tulia.

---

Saisi_Mstaafu – Jumapili, saa 6 mchana

Wale wawili waliopigana Februari, wote wawili wameshindwa usiku mmoja, mmoja mchangani na mwingine nyasini, na huyo wa nyasini ni kwa pua. Hata hivyo msiende kuandika kwamba ni sheria. Danon Decile naye alikuwa na mbio Januari, tofauti ni kwamba ile hakuitolea jasho kubwa na alikuwa na muda mrefu zaidi. Nilimtazama kwenye televisheni anazungushwa, kichwa chini, anatembea kama anaenda kunywa maji. Nikamwambia mke wangu huyu. Forever Young sikuona povu, nimesema kweli, kwa macho alikuwa sawa. Deni la mwilini wakati mwingine halionekani nje, ndio maana nilikwambia uliza mbio ya mwisho kabla hujatazama mnyama.

Hit Show ningemchagua? Hapana. Hata kama ningepewa wiki nzima nyingine.

---

Bi_Salma_MCT – Jumapili, saa 8 mchana

Mwanangu hongera, kwa mtu aliyekuwa hajui nyasi na mchanga siku nne zilizopita umefanya kazi. Huo mkono nimeupokea. Ushba Tesoro wangu hakufika popote, miaka imemkamata, nitamuombea apumzike salama.

Umeona lakini jambo la Al Quoz na Shaheen? Washindi wawili ambao humu hakuna aliyewaandika, na zote mbio fupi. MwanaNgong alisema hapo ndipo pa kwenda kinyume na umati, mimi sikumsikiliza, mwakani nitamsikiliza kwa hizo mbili tu, kwa zilizobaki bado ni mtoto.

---

KijanaWaDeira – Jumapili, saa 11 jioni

Asanteni sana wote kwa kweli. Zawadi sijapata, mwenye kupatia zote sijui kama yupo. Ila sasa nina swali, nimeona watu wanaongelea Kentucky Derby Mei huko Marekani, farasi ishirini mchangani, wote wa miaka mitatu. Ile nayo inachambuliwa hivihivi au kuna mambo mengine?

---

MwanaNgong – Jumapili, saa 1 usiku

Farasi ishirini ni vurugu sio mbio. Mengi ni yaleyale ila umbali ni mita 2000 na karibu wote watakuwa hawajawahi kuukimbia, kwa hiyo hapo unaangalia mama na baba yake walikuwa wa mbio ndefu au fupi. Fungua mada mpya wiki ya mwisho ya Aprili orodha ikikaribia kukamilika, kabla ya hapo wanajitoa kila siku utajichosha bure. Na kama ukipata likizo uje Nairobi Jumapili yenye mbio, nikupeleke Ngong ujifunze zile za kilo.